Muulize Mwalimu: Nyota Zenye Mkia

Barua za toleo hili nimezichagua zote za jambo moja. Tangu ile kometi ya Oktoba 2024 mmekuwa mkiniandikia kuhusu nyota zenye mkia, na wengi wenu mnauliza habari za picha mliyotumiwa kwenye simu, si kitu mlichokiona wenyewe. Nimefundisha fizikia hapa Tanga maisha yangu yote ya kazi, na hili linaniuma: sisi wa karibu na ikweta tunaliona anga la kaskazini na la kusini pia, jambo ambalo watu wengi duniani hawana, halafu tunakaa ndani kungoja mtu wa mbali atuonyeshe. Majibu yangu leo yana nia moja, kuwatoa nje.

Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi mvuvi wa Lamu. Mwishoni mwa Septemba 2024, tukiwa baharini alfajiri, tuliona nyota yenye mkia upande wa matlai. Ikapotea. Wiki mbili baadaye ikaonekana nyingine magharibi, jua likishatua, na mkia wake mrefu kuliko wa kwanza. Wenzangu wanasema ni mbili. Mimi nasema ni moja. Nani mkweli?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mkweli ni wewe, na barua yako imenifurahisha kuliko zote, maana umeandika ulichokiona, saa yake na upande wake.

Kometi ile inaitwa Tsuchinshan–ATLAS. Jina la kwanza ni la kituo cha China cha kutazamia nyota, kilichoiona Januari 2023. La pili ni la mtambo wa darubini zinazopekua anga kila usiku, na darubini ya mtambo huo iliyoinasa mwezi wa Februari iko Sutherland, Afrika Kusini. Wakati huo ilikuwa nukta hafifu mbali sana na jua, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kufika mahali ambapo jicho lako lingeiona.

Tarehe 27 Septemba 2024 ilipita karibu kabisa na jua, kilomita milioni 59 hivi. Siku zile, ukitazama kutoka duniani, ilikuwa imesimama upande wa jua unaotangulia kuchomoza. Kwa hiyo ilitoka baharini kabla ya jua, ukapata muda mfupi wa kuitazama kabla mwanga wa asubuhi haujaifuta. Kisha ikakata njia kuja upande wetu. Karibu na tarehe 9 Oktoba ilikuwa imepita baina yetu na jua, ndani ya mng'aro, na hapo hakuna jicho la mtu lililoweza kuiona. Kilichoendelea kuiona ni chombo cha angani kiitwacho SOHO, ambacho kazi yake ni kulichunga jua usiku na mchana. Tarehe 12 Oktoba ikatukaribia kuliko siku zote, kilomita milioni 71 hivi, na sasa imehamia upande wa pili: jua linatua, yenyewe imebaki juu. Ndiyo hiyo hiyo.

Nitakupa ushahidi wa kuwapelekea wenzako. Mkia wa kometi siku zote huelekea kulipa jua kisogo. Alfajiri jua liko chini ya bahari mashariki, basi ncha ya mkia ilitangulia kutoka majini na kichwa kikafuata. Jioni jua limekwenda chini magharibi, basi kichwa ndicho kilichotangulia kuzama na mkia ukabaki nyuma ukisimama. Waulize kama hawakuona hivyo. Na kama ule wa jioni ulikuwa mrefu zaidi machoni, sababu ni kwamba ilikuwa imetusogelea, na ilikuwa imetoka kuchomwa na jua ikamwaga vumbi jingi.

Mimi niliitazama nikiwa juu ya paa la zege la nyumba ya jirani. Nilianza na Zuhura, iliyokuwa inawaka magharibi, nikasogeza macho kulia, nikaikuta. Kilichoiharibu ni mwezi. Ulikuwa unakua kila jioni hadi ukawa mpevu tarehe 17, na mwanga wake ulikula sehemu kubwa ya mkia. Waliokuwa na subira hadi tarehe 20 hivi, mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka, waliiona kwenye giza safi ingawa yenyewe ilikwisha kufifia.

Shikamoo Mwalimu. Niko darasa la sita, Dodoma. Kometi inaupata wapi mkia? Na ikikimbia mkia unabaki nyuma yake?

Marahaba mjukuu wangu. Tuanze na kometi yenyewe kabla ya mkia.

Katikati yake kuna kitu kigumu kinachoitwa kiini. Ni barafu ya maji na ya gesi zilizoganda, imechanganyika na vumbi na mawe. Mmarekani Fred Whipple ndiye aliyeeleza hivyo mwaka 1950, na tangu hapo vyombo vimekwenda kuhakikisha. Kiini si kikubwa. Kile cha kometi ya Halley, ile inayoturudia kila baada ya miaka sabini na kitu, kina urefu wa kilomita 15 tu, na ni cheusi sana: mwanga wote wa jua unaokipiga, hurudisha asilimia 4 hivi. Mwezi Agosti 2014 chombo cha Ulaya kiitwacho Rosetta kilifika kwenye kometi ya Churyumov–Gerasimenko baada ya safari ya miaka kumi, kikaizunguka miaka miwili, na Novemba mwaka huo kikateremsha mashine ndogo, Philae, ikatua juu yake. Picha zake zinaonyesha majabali, nyufa na mashimo yanayotapika gesi.

Sehemu kubwa ya maisha yake kometi iko mbali, kwenye baridi kali, na haina mkia wowote. Ikikaribia jua, barafu yake inageuka gesi moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, kwa sababu huko hakuna hewa ya kuizuia. Gesi inapofoka hubeba vumbi. Hapo kiini kinavikwa wingu kubwa linaloweza kuwa pana kuliko dunia yetu mara nyingi. Wingu hilo ndilo unaloliona kama kichwa. Mara nyingi kwenye picha lina rangi ya kijani, nayo inatokana na atomu za kaboni zilizoshikana mbili mbili na kupigwa na mwanga wa jua.

Sasa mkia, au tuseme mikia, kwa kuwa ni miwili. Mmoja ni wa gesi, mwembamba, ulionyooka, wa samawati. Huo husukumwa na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Mjerumani Ludwig Biermann aligundua kuwa lazima kuwe na mtiririko huo, mwaka 1951, kwa kutazama mikia ya kometi tu, kabla chombo chochote hakijakwenda kuupima. Mkia wa pili ni wa vumbi, mpana, umepinda kidogo, rangi yake ni njano hafifu. Huo husukumwa na mwanga wenyewe wa jua. Ndiyo, mwanga una nguvu ya kusukuma, ndogo mno, lakini chembe ya vumbi iliyo angani haina kitu kingine cha kuishikilia.

Kwa hiyo mkia haubaki nyuma. Chukua mfano wa mama yako akibeba jiko la mkaa linalofuka nje wakati wa upepo: atembee kwenda mbele, arudi nyuma, moshi unaelekea kule upepo unakoelekea, haujali yeye anakwenda wapi. Kometi inayoondoka kwenye jua hutanguliza mkia.

Na mkia unaisha, ndiyo. Kila inapopita karibu na jua kometi inapungua. Nyingine hazimalizi hata safari moja.

Mwalimu, shikamoo. Nasoma kidato cha tatu, Mbeya. Tulipelekwa Mbozi kukiona kimondo. Mwenzangu anasema kile ni kometi iliyoanguka. Ni kweli?

Marahaba. Hapana, na ukikigonga kwa kucha utajua kwa nini. Kile cha Mbozi, mkoa wa Songwe, ni chuma. Kina urefu wa mita tatu hivi, uzito wake ni zaidi ya tani kumi, na ndani ya chuma hicho mna nikeli. Chuma cha namna ile hakitengenezwi na barafu. Zamani sana, jua na sayari zilipokuwa changa, kulikuwa na miamba mikubwa angani iliyopata joto hadi ikayeyuka, chuma kizito kikazama katikati yake. Miamba hiyo ikagongana, ikavunjika, na vipande vya katikati vikawa vinazurura. Kimoja kikatuangukia. Asili yake basi ni asteroidi.

Kometi ni nyepesi ajabu. Vipimo vya Rosetta vilionyesha kuwa Churyumov–Gerasimenko ina uzito wa nusu tu ya maji yenye ujazo sawa nayo. Ungeweza kupata bahari ya kutosha kuiweka, ingeelea. Ukitaka vipande vya kometi vilivyofika ardhini kwa uhakika, ni vile vilivyokwenda kuchukuliwa: chombo cha Marekani, Stardust, kilipita kwenye kometi Wild 2, kikanasa vumbi lake, na Januari 2006 kikaliteremsha kwenye jangwa la Utah.

Lakini kuna undugu, na huu ndio ninaotaka uuone kwa macho. Vumbi linaloachwa na kometi hubaki limetapakaa kwenye njia yake. Dunia ikikatiza njia hiyo, punje zinaingia katika hewa yetu na kuwaka. Vimondo vinavyopita kwa wingi kila mwaka karibu na tarehe 5 na 6 Mei ni vumbi la Halley, na vinaingia kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde. Toka nje saa kumi usiku, tazama mashariki. Sisi wa huku tunaviona vizuri kuliko watu wa Ulaya, ingawa masika huwa bado yanatusumbua. Mawingu yakikunyima, Halley hiyo hiyo ina vumbi jingine tunalolipitia karibu na tarehe 21 Oktoba.

Kuvitofautisha angani ni rahisi mno. Kimondo kinapita mara moja, kabla hujamwita mwenzako kimekwisha. Kometi haionekani kukimbia hata kidogo. Unaikuta mahali pake, inachomoza na kutua pamoja na nyota, na usiku wa pili ndipo unapogundua kuwa imesogea.

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wawili, Korogwe. Kitinda mimba wangu alizaliwa wiki ile nyota yenye mkia ilipoonekana. Mama mkwe anasema nyota hiyo huja na vita, njaa au kifo cha mkubwa, na mtoto aliyezaliwa chini yake atakuwa na mkosi. Sitaki kumkosea adabu, lakini roho yangu haitulii.

Mama, pole kwa wasiwasi na hongera kwa mtoto. Mama mkwe wako hakuyabuni. Imani hiyo imekuwepo China, Ulaya, Uarabuni na kwetu, na ilikuwa na sababu: anga ni kitu kilichotulia, kila nyota ina njia yake, halafu siku moja pametokea kitu ambacho hakikuwepo jana. Nani asingeshtuka?

Hebu tuitazame Halley ya mwaka 1066. Ilionekana majira ya kuchipua huko Uingereza, na Oktoba mwaka ule mfalme Harold akauawa vitani. Wenye kitambaa kile kirefu cha Bayeux, kilichotariziwa habari za vita hivyo, waliishona nyota hiyo na watu wakiinyooshea vidole. Lakini aliyemshinda Harold, William, aliivuka bahari mwaka ule ule wa nyota hiyo na akatwaa ufalme. Kwa mmoja ilikuwa mkosi, kwa mwingine bahati, na yenyewe ilikuwa barafu inayopita.

Mwaka 1910 ikarudi. Wataalamu walikuwa wamekwisha kugundua gesi ya sianojeni kwenye mkia wake, ambayo ni sumu, na hesabu zilionyesha kuwa usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Mei dunia ingepita kwenye mkia huo. Marekani na Ulaya watu waliziba matundu ya milango, na wajanja wakauza vidonge vya kujikinga na kometi. Hakuna lolote lililotokea. Mkia ni mwembamba mno, una vitu vichache kuliko chumba ambacho mafundi wetu wa maabara wanadai wametoa hewa yote. Mwezi ule ule mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa amefariki, na wapo waliosema ni nyota. Wafalme hufa pia miaka isiyo na kometi, na huwa hatuihesabu hiyo.

Kama mama mkwe wako ni mtu wa dini, mkumbushe kwa upole siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.). Jua lilipatwa siku hiyo, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume, mwenyewe akiwa mfiwa, akawakataza: jua na mwezi ni alama katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Sidhani kuna jibu zuri kuliko hilo.

Mtoto wako akikua mwambie alizaliwa na kometi angani. Ajivunie.

Mwalimu, mimi mzaliwa wa Wete, Pemba, naishi Maskati. Julai 2020 niliiona kometi NEOWISE vizuri huku. Nikampigia kaka yangu Wete, akatoka kila jioni, hakuona kitu. Macho yake ni mabovu au mimi ndiye niliyeota?

Hakuna aliyekosea. Katikati ya Julai ile kometi ilikuwa kaskazini sana ya jua. Maskati iko nyuzi 23 na nusu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo giza lilipoingia kwenu ilikuwa bado imeinuka upande wa kaskazini magharibi. Pemba iko nyuzi tano kusini. Kwa kaka yako ilikuwa inatua karibu pamoja na jua, mwanga wa jioni ukiwa bado haujaisha. Mwisho wa mwezi ilipoteremka kuja upande wetu, ilikuwa imekwisha kupungua mwanga.

Siku nyingine zamu ni yetu. Kometi McNaught, iliyogunduliwa Australia Agosti 2006, ilizunguka jua tarehe 12 Januari 2007 na iling'aa hata ikaonekana mchana. Kisha ikaelekea kusini, na mkia wake ukatanda angani kama upanga uliopinda kwa watu wa nusu ya kusini, huku wa kaskazini wakiwa wamebaki na ncha tu. Kometi kubwa ya Septemba 1882 nayo ilikuwa ya kusini. Huko Rasi ya Tumaini Jema, mtaalamu wa nyota David Gill aliipiga picha, akashangaa kuona nyota nyingi zilizotokea nyuma yake kwenye kioo, na hapo ndipo alipoanza kazi ya kuorodhesha nyota za kusini kwa picha.

Mwambie kaka yako asikate tamaa. Pemba ni mahali pazuri. Huku kwetu jua linatua likishuka wima, giza linaingia upesi, na kometi iliyo karibu na jua inasimama juu ya mahali lilipozama badala ya kulala ubavuni pa upeo wa macho kama inavyokuwa huko Ulaya.

Mwalimu, habari. Niko Kisumu. Nimeweka akiba ninunue darubini kubwa ya kuonea kometi. Nichukue ipi?

Usinunue bado. Nasema hivi kwa moyo wangu wote, kwa sababu nimeona darubini nyingi za bei zimekuwa za kutundikia nguo.

Kometi ni kitu kipana na hafifu. Darubini inayokuza sana inakuonyesha kipande kidogo chake na kukitia giza. Unachohitaji ni darubini ya macho mawili, ile ya kuning'iniza shingoni, iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana ndio unaokusanya mwanga. Egemeza viwiko ukutani au juu ya boneti la gari ili picha isitetemeke.

Kisumu una ziwa magharibi yako, na upeo wa macho usio na kizuizi ni mali. Kometi ya jioni utaikuta hapo ufukweni. Ya alfajiri ina shida kidogo kwa sababu ya milima ya Nandi na taa za mji, itabidi utoke. Ukifika gizani zima simu. Jicho linachukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kutazama kioo cha simu mara moja kunakurudisha mwanzo. Kisha usiikodolee moja kwa moja. Tazama pembeni kidogo mwa pale unapoitarajia, maana pembe za jicho zinahisi mwanga hafifu kuliko katikati. Ukisoma kwamba kometi iko nyuzi 20 juu ya upeo, nyoosha mkono ukunje ngumi: upana wa ngumi moja ni nyuzi kumi hivi, basi pandisha ngumi mbili.

Usitarajie rangi za kwenye picha. Kamera inakusanya mwanga kwa sekunde nyingi, jicho haliwezi. Utaona ukungu mdogo wenye kiini kinachong'aa na mkia wa kijivu, na ukiuona kwa macho yako mara ya kwanza hutauliza habari ya rangi.

Mambo mawili nayasisitiza. Usitafute kometi kwa darubini jua likiwa bado juu ya upeo wa macho, hata likiwa limebaki kipande. Utapofuka. La pili, usiamini sana vichwa vya habari vinavyoahidi kometi ya karne. ISON, iliyogunduliwa Septemba 2012, ilisifiwa mwaka mzima. Tarehe 28 Novemba 2013 ikalipita jua kwa karibu sana, ikasambaratika. Tsuchinshan–ATLAS nayo ilitabiriwa kufa hivyo hivyo, ikaishi. Toka tu nje.

Mwalimu, jambo. Niko Bukavu. Hii 3I/ATLAS iliyosemwa sana mwaka 2025 ni chombo cha viumbe wa mbali?

Jambo sana. Ni kometi: ina wingu la gesi na vumbi kama nyingine. Ajabu yake ni kwao. Haikuzaliwa na jua letu, imetoka kwenye nyota nyingine na haitarudi. Iligunduliwa Chile tarehe 1 Julai 2025, ni ya tatu ya wageni wa namna hiyo baada ya 'Oumuamua mwaka 2017 na Borisov mwaka 2019. Ilipotukaribia zaidi, Desemba 2025, bado ilikuwa kilomita milioni 270 hivi. Kwa macho matupu haikuonekana, na picha za kutisha mlizotumiana hazikuwa zake.

Mwalimu, mimi mzee wa Unguja. Mwaka 1986 tuliambiwa Halley inakuja, watu wakapanda juu ya mapaa. Tukaona kitu kama pamba iliyochakaa. Tulidanganywa?

Shikamoo mzee wangu. Hamkudanganywa, mlipata zamu mbaya. Ilipopita karibu na jua, tarehe 9 Februari 1986, dunia ilikuwa upande wa pili kabisa wa jua. Katika miaka elfu mbili ya kuonekana kwake, kuna zamu chache mno zilizokuwa hafifu kama ile. Ilipotukaribia, Aprili, huku kwetu masika yalikuwa yameshika. Nilikuwa mwalimu kijana, na wanafunzi niliowatoa bwenini waliona mawingu kuliko walivyoiona Halley.

Desemba 2023 ilifika mwisho wa njia yake, mbali kuliko sayari ya Neptuni, ikageuka. Sasa iko safarini kurudi. Itapita karibu na jua tarehe 28 Julai 2061, na safari hiyo dunia itakuwa upande wake, kwa hiyo itang'aa zaidi sana. Julai ni kipupwe. Wajukuu zako watakuwa watu wazima wenye nyumba zao, waandikie tarehe hiyo mahali.

Shikamoo Mwalimu. Mimi msichana wa kidato cha nne, Kigoma. Nikigundua kometi itaitwa kwa jina langu? Au ni mambo ya wazungu wenye mitambo?

Marahaba binti yangu. Itaitwa kwa jina lako, hiyo ndiyo desturi, na si mambo ya mtu fulani.

Kaoru Ikeya alikuwa kijana wa Japani mfanyakazi wa kiwanda cha piano. Alijitengenezea darubini yake, na mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 19, akagundua kometi. Miaka miwili baadaye akagundua nyingine pamoja na Tsutomu Seki, ikawa mojawapo ya zilizong'aa kuliko zote za karne ile. Caroline Shoemaker wa Marekani alilea watoto kwanza, akaanza kazi hii akiwa na miaka 51, na akagundua kometi 32. Mojawapo, aliyoigundua pamoja na mumewe Eugene na David Levy, ilikatika vipande vikaipiga sayari ya Mshtarii Julai 1994 dunia nzima ikitazama. Thomas Bopp, mwenye nusu ya jina la kometi Hale–Bopp, hakuwa hata na darubini: alikuwa anatazamia ya rafiki yake usiku ule wa Julai 1995. Na kometi ya Halley iliporudi kama Edmond Halley alivyotabiri, yeye akiwa kaburini miaka 16, aliyeiona wa kwanza, usiku wa Krismasi 1758, alikuwa mkulima wa karibu na Dresden, Johann Palitzsch.

Siku hizi mitambo inayopekua anga huziwahi nyingi, sitakuficha. Lakini picha za SOHO ziko wazi kwenye intaneti, na kati ya kometi zaidi ya 5,000 zilizopatikana humo, nyingi zimeonwa na watu wa kawaida waliokaa majumbani kwao. Unaweza kuanzia hapo ukiwa na kompyuta ya shule. Na Kigoma una giza la ziwa ambalo mwanafunzi wa mji mkubwa hana.

Jifunze kwanza ramani ya anga ili ujue ni nini cha siku zote. Mfaransa Charles Messier aliandika orodha yake ya mawingu na makundi ya nyota zaidi ya 100 kwa sababu hiyo hasa: yalikuwa yanamchanganya alipotafuta kometi. Ukikuta ukungu usioko kwenye ramani, chora nyota zilizo jirani yake, andika saa na tarehe, na ulinganishe na kometi zinazojulikana kwenye kumbukumbu za Minor Planet Center, kituo cha dunia kinachoweka hesabu za asteroidi na kometi, zilizoko intaneti. Usimwandikie mtu usiku huo. Rudi kesho saa ile ile na mchoro wako mkononi. Kama imesogea baina ya nyota, hapo andika haraka. Kama iko pale pale ulipoichora, si kometi.